Namna ya Kumwosha Mtu Mzima

Fimbo yangu ilikuwa ya mti wa mkole, nyembamba mbele na nene mshikoni. Marehemu baba alinichongea nikiwa binti wa kuchunga. Sikuwahi kufikiri kwamba nitaitumia kwa watu. Lakini nilipoajiriwa kambi ya wazee kuwa mhudumu, siku ya kwanza tu mkuu wa kambi aliniuliza fimbo yangu iko wapi. Wahudumu wenzangu wote walikuwa nazo. Asubuhi tulipita mabwenini tukigonga vyuma vya vitanda, na asiyeamka tulimgonga miguu. Tukawaswaga uani kuhesabiwa, tukawaswaga bombani, tukawaswaga jikoni kwenye uji. Nasema kuswaga kwa sababu ndilo neno tulilolitumia. Wote tulikuwa watoto wa wafugaji, na hakuna aliyekuwa ametuonyesha njia nyingine ya kuwapeleka viumbe wengi mahali pamoja.

Kambi yetu ilikuwa kando ya barabara ya vumbi, ile inayotoka Shinyanga kwenda upande wa machimbo ya Geita. Wazee wengi waliletwa na lori miaka ile watu walipohamishiwa vijiji vipya. Kila familia ilibeba vyake, milango, mabati, kuku, na waliobaki wameketi uani bila mtu wa kuwabeba ndio tuliowapokea sisi.

Majina yao ninayo kichwani mpaka leo, na majina ya baba zao na mahali walikozaliwa. Siyaandiki. Wajukuu wao wapo, wengine ni majirani zangu, tunapeana chumvi. Ila enzi za fimbo sikujua hata jina moja. Tuliwaita kwa namba za vitanda.

Bibi wa kitanda cha saba alikuja na kigoda na kibuyu, basi. Alikuwa mrefu, mkavu, na hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi moja ya Juni, maji ya pipa yakiwa baridi ya kuumiza meno, alikataa kwenda kuoga. Akashika chuma cha kitanda. Nilimvuta, akashika zaidi. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wananicheka, wananiambia leo umepata dume. Nikanyanyua fimbo nikampiga kwenye kifundo cha mkono ili aachie.

Aliachia. Niliusikia mfupa.

Hakulia. Alinitazama na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa nitakula na mkono upi?"

Nilimwosha hivyo hivyo. Baadaye nikaandika kwenye daftari la zamu kwamba ameanguka bafuni. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na nadhani hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya maana niliyoandika katika maisha yangu. Mkono tuliufunga kwa vipande vya sanduku la mbao. Ulipona umepinda. Toka siku hiyo kila nilipomkaribia aliuinua ule mkono uliopinda na kuuweka mbele ya uso wake, hata kama nimemletea chai.

Miaka ile sukari ilipokuwa ya foleni, ilikuja barua kutoka ofisi ya ustawi wa jamii. Wahudumu wawili waende mjini kwenye mafunzo ya wiki tatu. Nikachaguliwa mimi kwa kuwa nilikuwa mwepesi wa kazi. Nilikwenda na fimbo yangu. Mwenzangu naye na yake.

Mkufunzi alikuwa muuguzi wa makamo, mtu wa taratibu, amefunga kitambaa cheupe. Akatuomba tuache fimbo mlangoni. Mhudumu mmoja mwanamume, aliyetoka kwenye kambi ya huko kwa wachimbaji, akamwambia, "Sista, mzee bila fimbo atakukojolea mpaka ndani ya kiatu." Tukacheka wote. Mkufunzi naye akacheka kidogo. Kisha akauliza kati yetu nani anajua kuosha mtu haraka kuliko wengine. Nikanyoosha mkono juu, tena kwa kujidai.

Akasema, "Basi wewe lala."

Aliwatoa wanaume nje. Palikuwa na kitanda cha chuma na ndoo mbili. Nikabaki na gagulo. Akachagua wanawake watatu, akawaambia wanioshe kama wanavyoosha kila siku kazini, wasinionee huruma wala wasinionee. Mwanzoni walikuwa wanacheka. Maji ya kwanza yalinipiga kifuani nikakosa pumzi. Mmoja alinikamata nywele akanirudisha nyuma, mwingine akanipaka sabuni ya mche usoni, ikaingia machoni. Nikasema ngojeni. Hawakungoja, na nilijua kwa nini hawakungoja, maana mimi pia sikuwahi kungoja. Wakanigeuza kwa kuvuta mkono mmoja. Bega likalia. Nikampiga mmoja kiwiko cha mdomo, damu ikamtoka, naye akakasirika kweli kweli. Wakanibana. "Huyu mkali," mmoja akasema. "Leteni fimbo." Nilidhani ni mzaha. Ikaletwa yangu, ile ya mkole. Nikapigwa gotini mara mbili ili nikunjue mguu, na nikakunjua, na mkojo ukanitoka mbele ya watu.

Yule aliyenipiga aliitupa fimbo chini kama kitu cha moto.

Mkufunzi alikuja na taulo. Hakunifunika. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniita kwa jina langu na la baba yangu, akauliza, "Nikuguse?" Akangoja. Nawaambieni alingoja mpaka maji yaliyokuwa mgongoni mwangu yakaanza kukauka yenyewe. Nilipoitika ndipo akanifunika.

Hayo mengine ya mafunzo niliyashika kwa urahisi. Kumgeuza mtu asipate vidonda vya mgongo. Kumnyanyua, mkono mmoja chini ya mapaja na mwingine mgongoni, umlete kifuani kwako, uzito ubebe kwa miguu. Kusafisha macho kwa maji ya chumvi yaliyochemka na kupoa, kisha dawa ya kupaka. Mtihani ulikuwa wa mdomo, kwa kuwa wengi wetu kalamu ilikuwa nzito. Alitutaka kila mmoja amtajie watu wa bweni lake, jina, jina la baba na alikozaliwa. Mimi nilisema kitanda cha kwanza, kitanda cha pili. Akaniambia cheti changu kitakaa kwenye droo yake mpaka nimletee majina.

Niliporudi niliitia fimbo jikoni, kwenye moto wa uji. Mkuu wa kambi akasema huko wameniharibu. Wenzangu wakanipa jina la utani, wakawa wananiita Nikuguse. Nikipita wanasema, "Nikuguse anakuja, jiandaeni kuombwa ruhusa." Kila jioni niliketi na mzee mmoja nikauliza jina. Wengine walisema siku hiyo hiyo, wengine walilia kwanza. Bibi wa kitanda cha saba aliniambia, "Jina langu la nini? Unataka kuliandika kwenye msalaba?" Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Siku aliyonitajia alinitajia akiwa ameuinua ule mkono mbele ya uso, na akaushusha nilipokwisha kuondoka.

Sasa nifike kwenye macho.

Kwetu miti ni michache, na mama zetu wamepikia mavi ya ng'ombe makavu maisha yao yote. Moshi wake unaingia machoni na hautoki. Mwanamke akifika uzeeni macho yamekuwa mekundu, na macho hayo yamewaponza wengi. Mtoto akifa kijijini, au ng'ombe wakianguka, mganga anaulizwa, na mganga anasema kuna mwanamke mzee, macho yake mekundu. Hahitaji kutaja jina. Mwaka hauishi hujasikia kwamba fulani amekatwa mapanga akiwa anapeta mtama wake.

Nilijua hayo. Nilizaliwa humo. Lakini nilikuwa nimetoka mafunzoni, kichwa kimejaa, na nilitaka kumponya mtu.

Wanawake wanne wa bweni langu walikuwa na macho mabaya kuliko wengine, na bibi wa kitanda cha saba alikuwa mmoja wao. Ndani mwanga haukutosha. Nikatoa benchi nje, upande wa jua la asubuhi, karibu na ua wa minyaa. Ua ulikuwa umenyauka pale, na nyuma yake ilipita njia ya kwenda lambo. Niliwakalisha wanne kwa mstari. Nilichuchumaa kwa kila mmoja, nikamwita kwa jina, nikaomba ruhusa ya kugusa uso, ya kufungua jicho, ya kutia dawa. Ruhusa tatu kwa kila jicho.

Bibi wa kitanda cha saba akaniambia, "Hapa tunaonekana."

"Mwanga uko hapa, mayu," nikamjibu, yaani mama. "Ni kwa faida yako."

Akaniambia tena siku ya pili, tena kwa kirefu, kwamba afadhali nimrudishe ndani apofuke. Nilimpapasa bega nikaendelea. Kumgusa nilimwomba. Kumkalisha pale sikumwomba, wala haikunijia kwamba na hilo ni la kuomba.

Wanawake waendao lambo wakaanza kusimama kwenye ua na ndoo zao. Mmoja akaniuliza kwa nini wamekalishwa hawa wanne tu peke yao. Nikamweleza ukweli, kwamba hawa ndio wenye macho mekundu zaidi, wanatibiwa. Akajifunika mdomo kwa kanga. Aliondoka kurudi alikotoka, ndoo tupu. Niliona ile ndoo tupu, na bado nikaendelea kupaka dawa.

Kumbe kijijini habari ilikuwa imeshakuwa nyingine. Kwamba watu wa serikali wamewachuja wazee wa kambi, wamewatenga wanne, wanawapaka dawa ya kuwatambua. Habari ikapanda malori ya pamba ikafika machimboni. Na huko machimboni alikuwepo mtoto wa mwisho wa bibi wa kitanda cha saba. Haya niliyajua baadaye polisi walipokuja kuhoji. Duara lake lilikuwa limeporomoka, shimo la wachimbaji, likawafukia wanawe wawili. Mganga alimwambia mkono uliomroga umetoka nyumbani. Mwana huyo alikuwa akidhani nyumbani hakuna tena mtu, mama alishakufa wakati wa kuhama. Akasikia kwamba mama yuko hai, tena amekalishwa na serikali kwenye benchi la wenye macho mekundu.

Walikuja asubuhi, jua liko juu ya minyaa. Wanaume watano, wamejipaka majivu usoni. Mlinzi alipigwa ubapa wa panga akaanguka na hakuamka mpaka mambo yalipokwisha. Wakaingia pale ua uliponyauka, hatua kumi tu na benchi.

Mabibi walikuwa na dawa machoni. Hawakuona. Wa kwanza alisikia vishindo, akageuza uso, akauliza kwa adabu, "Nani huyo?" Panga likamkata shingoni. Aliendelea kukaa, hiyo ndiyo nisiyoisahau, aliendelea kukaa wima kwenye benchi na damu ikiruka mpaka kwenye beseni langu. Wa pili aliinuka kukimbia akielekea kwa wauaji hao hao, kwa kuwa haoni. Walimkata mikono kwanza. Wa tatu alianguka nyuma ya benchi na kanga yake ikamfunika.

Mimi nilikuwa upande wa mwisho, kwa bibi wa kitanda cha saba. Nikanyoosha mkono kumshika. Yeye aliona kivuli tu, akaona mkono unaokuja, akainua ule uliopinda mbele ya uso, na kwa ule mzima akang'ang'ania mguu wa benchi. Aliniogopa mimi. Watu wanachinja hatua nne kutoka kwake, yeye ananiogopa mimi.

Nguvu nilikuwa nazo, ningeweza kumvuta. Lakini nilijua jinsi anavyoshika. Mara iliyopita aliachia kwa kuvunjwa mfupa. Ningemvuta tungekufa wote pale, mimi navuta, yeye ameshika.

Nikachuchumaa. Nikaupa mgongo upande wa mapanga. Nikamwita kwa jina lake na la baba yake, nikamwambia ni mimi, kuna watu wanaua.

"Nikubebe?"

Akauliza, "Una fimbo?"

"Sina."

Akafikiri. Wallahi alifikiri. Nyuma yangu nilimsikia yule wa pili akilia kilio ambacho hakikuwa tena cha mtu. Nikakaa vile vile nimechuchumaa, mikono yangu wazi mbele yake, nikangoja.

"Nibebe," akasema, akaachia.

Mkono mmoja chini ya mapaja, mwingine mgongoni, kifuani, uzito kwenye miguu. Nilikimbia kuelekea jikoni. Panga lilinikuta begani nikiwa mlangoni. Sikusikia maumivu, nilisikia tu joto likishuka mgongoni. Mpishi alitufungia kwa komeo la mti. Alikuwa mwanamke mnene wa mjini, Mwislamu, mcheshi.

Mlango ulikuwa wa mbao. Wakaanza kuukata. Kisha sauti moja ikaita kutoka nje, "Mama, toka."

Bibi alikuwa sakafuni niliposhindwa kumshikilia. Akainua kichwa. "Huyo ni wangu wa mwisho," akaniambia, kama mtu anayetambulisha mgeni. Halafu akasema kwa sauti, amsikie, "Nimekaa hapa miaka yote hii. Hujaja hata kunitazama. Leo ndiyo umekuja."

Mapanga yakakoma mlangoni. Mpishi alinitazama. Nilidhani mwanawe ameondoka.

"Umenimalizia wanangu," akajibu kutoka nje, na sauti yake ilikuwa ya kilio. Akaanza kukata tena, na sasa vipande vya ubao vilitufikia miguuni. Tundu likapatikana. Akaingiza mkono kutafuta komeo. Mpishi akainua sufuria ya uji kutoka kwenye mafiga, ulikuwa bado unatokota, akaumimina wote juu ya ule mkono.

Kelele ile mama yake aliisikia akiwa hatua mbili tu.

Barabarani lori la pamba lilikuwa limesimama, wapakiaji wanashuka na mawe na vyuma. Wauaji wengine wanne wakakimbia kupitia ua. Yeye alipatikana jioni, ameketi kando ya lambo, mkono ameutumbukiza kwenye tope. Askari alipokuja kambini kuandika maelezo, alimwambia bibi kwamba mwanawe ameshikwa, na kwamba mkono wake wa kulia umebabuka wote, ngozi imetoka kama glavu.

Bibi akamwuliza yule askari, "Sasa atakula na mkono upi?"

Mimi nilikuwa nashonwa bega kwenye kitanda cha pembeni. Niligeukia ukutani.

Wa tatu wauaji hawakumwona chini ya kanga yake; wawili wa kwanza tuliwazika nyuma ya bweni. Benchi wenzangu walilipasua kuni, maana damu haikutoka kwenye mbao. Mwezi uliofuata nilikwenda mjini kwa mkufunzi, bega bado limefungwa. Nilimtajia majina yote, baba zao na walikozaliwa, na wale wawili niliwataja mahali pao pale pale kwenye mstari. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza benchi lile nani alichagua mahali pake. Nikasema mimi. Akauliza kama niliwauliza wao. Nikamwambia mmoja alinikatalia mara mbili, na nilimkalisha.

Alifungua droo akanipa cheti. Sikukitaka, akanishikisha kwa nguvu kidogo. Akaniambia wahudumu wapya wanaanza mafunzo Jumatatu, na asubuhi ya kwanza nitaiongoza mimi, niwaeleze hili la benchi kabla hawajafundishwa kitu kingine. Nikafanya hivyo. Nimefanya hivyo kwa makundi mengi, na kila mara wako wanaocheka mwanzoni.

Bibi wa kitanda cha saba aliishi miaka miwili zaidi. Macho yalipona ndani ya bweni, kwa mwanga mdogo, yalichukua muda tu. Kila asubuhi nilichuchumaa, nikamwamkia kwa Kisukuma na kumwuliza, "Mwangaluka mayu, nikuguse?" Na kila asubuhi aliinua kwanza ule mkono uliopinda, halafu ndipo akajibu. Siku nyingine alisema ndiyo. Siku nyingine alisema hapana, na siku hizo nilirudisha maji jikoni, na mkuu wa kambi akanigombeza, na bibi akalala na uchafu wake mpaka kesho. Kuhusu yale ya jikoni hatukuzungumza. Aliniuliza mara moja tu kama gerezani wanapewa kijiko.

Alikufa asubuhi ya baridi, wakati wa Juni tena. Nilichemsha maji yakawa ya uvuguvugu. Wenzangu walitaka kunisaidia, nikawaomba watoke. Nikachuchumaa pale kitandani uso wangu ukawa sawa na wake, nikamwita kwa jina lake na la baba yake, nikauliza kama kawaida, na kama kawaida nikangoja.

Mkono haukuinuka. Ndipo nikaanza kumwosha, nikianza na huo.